Karura: Damu ilisimamisha tingatinga, lakini zile karatasi je?

Kila ikifika Septemba utaona mtu ameweka picha ya maporomoko ya msitu wa Karura, Nairobi, na kuandika asante mama Wangari, yaani Wangari Maathai, kwa kutuokolea msitu. Sina ubishi na hiyo asante, anastahili hata zaidi ya hapo. Shida yangu ni vile hadithi inakatwa mapema, inaishia Januari 1999, mama anavuja damu kichwani, dunia inashtuka, Rais Moi anarudi nyuma, basi watu wanafunga kitabu. Ukifuatilia mambo yenyewe kwa mpangilio utakuta Januari 1999 msitu haukuwa umeokoka bado, kilichosimama ni ujenzi tu, hati za watu zilikuwa bado kwenye makabati na ule mlango wa kisheria uliotumika kuumega msitu ulikuwa wazi vilevile. Na kuna watu waliupitia tena, tena kwa mguu mkubwa zaidi, nitafika huko.

Kwanza ardhi yenyewe. Karura ni hekta 1,041, yaani ekari 2,500 na ushee, katikati ya mitaa ya wenye nazo Nairobi: huku Muthaiga, kule Runda, kule Gigiri ambapo makao makuu ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, yako jirani tu. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, enzi za Mwingereza. Mto Karura na Gitathuru inapita humo, na kuna mapango ambayo wazee wanasema wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Tukubaliane pia kwamba si msitu wote ni wa kale, sehemu kubwa ni mikalitusi na miti mingine ya kupandwa, na ile mikalitusi asili yake ni kuni za garimoshi. Msitu wa asili uliobaki ni kama robo hivi. Lakini hiyo robo ndiyo yenye muhugu, mti mgumu kama nini, ule ambao wachonga vinyago wa Ukambani wanaupenda kupita kiasi, na unakua polepole mno, ukiukata leo wewe na mwanao hamtaona mwenzake akifikia unene ule. Kuna mutamaiyu pia, kuna mukinduri. Ukisikia mtu anasema "si ni mikalitusi tu hiyo, itapandwa kwingine", jua haongelei hiyo robo, ama anaijua vizuri na hataki uiangalie.

Sasa chukua hiyo ardhi uiweke pale ilipo, jirani yake ekari moja ni pesa ambazo wengi wetu hatutawahi kuziona, halafu msitu wenyewe hauna hata bei. Hapo ndipo kisa kinapoanza, sio kwa tingatinga.

Wakati ule sheria ilikuwa ile ya zamani ya misitu, Sura ya 385. Kumega msitu wa serikali kulihitaji nini? Waziri anachapisha notisi kwenye Gazeti Rasmi la Serikali kwamba ana nia ya kubadilisha mpaka wa msitu fulani, zinangojwa siku 28, tangazo linatoka, kwisha habari. Bunge halina kazi hapo, hakuna tathmini ya mazingira, hakuna anayelazimika kwenda kumwambia jirani wa msitu kitu chochote. Na hiyo notisi yenyewe ukiisoma huwezi kujua ni wapi panaongelewa, ni hesabu ya hekta na namba ya ramani ya mpaka, na hiyo ramani iko ofisini Survey of Kenya, nenda ukaitafute. Nani ana Gazeti la Serikali nyumbani? Mawakili, labda. Kwa hiyo siku 28 zinaisha na watu wanaendelea kuchoma mahindi kando ya barabara bila habari.

Hapo ardhi sio msitu tena, ni ardhi ya serikali isiyo na mwenyewe, na ardhi ya namna hiyo Moi na Kamishna wa Ardhi walikuwa wanaigawa. Unapata barua ya kugawiwa, na wengi hawakungoja hata hati itoke, waliiuza barua yenyewe, kwa developa au kwa shirika la umma lililosukumwa kununua. Yaani mali ya umma inatolewa bure kwa mtu halafu umma unainunua kwake kwa pesa za wafanyakazi. Hii si porojo ya mitandaoni, ni mambo ambayo Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, iliyaandika mwaka 2004, na ikaongeza kwamba mara nyingi hata hatua ile ndogo ya notisi ilirukwa, ardhi za misitu ziligawiwa zikiwa bado ni misitu kisheria. Karura ikagawiwa makampuni ambayo ukitafuta wenyewe hasa hupati mtu, unapata jina la kampuni tu.

Sijataja chainso hadi hapa manake haikuhitajika. Msitu uliisha kwenye makaratasi huku kima wakiendelea kuruka mitini kama kawaida.

Mwaka 1998 Green Belt Movement, shirika la kupanda miti la Wangari, wakapata fununu kwamba kuna ujenzi unaanza ndani. Wangari alikuwa na uzoefu, 1989 alikuwa amepinga lile jengo la ghorofa 60 lililotaka kusimamishwa Uhuru Park, akatukanwa bungeni na watu wake wakaitwa kikundi cha waliotalikiwa, lakini jengo halikujengwa. Akaanza hivyohivyo tena: barua. Barua kwa Mwanasheria Mkuu, barua kwa wakubwa, barua kwa magazeti. Watu wanaruka hii sehemu kwa sababu haina picha, lakini zile barua ndizo zilizofanya jambo la siri liwe na tarehe, anwani na mtu wa kuulizwa.

Oktoba mwaka huohuo mambo yakachemka. Waandamanaji pamoja na wabunge wa upinzani waliingia msituni, na vifaa vya mkandarasi vikachomwa moto, matrekta na malori, hasara ya mamilioni. Wangari mwenyewe alikuwa na njia yake tofauti na ndiyo ninayoipenda. Barabara ya kuingilia ikiwa na walinzi, yeye na wenzake walipitia nyuma, kwenye kinamasi, wakavuka maji na kwenda kupanda miche pale palipofyekwa, na kitalu wakaanzisha humohumo. Hebu fikiria wewe ni polisi umetumwa kukamata wahalifu, unafika unakuta akina mama wana makopo ya maji wanamwagilia miche ya miti ndani ya msitu wa serikali. Utaandika kosa gani kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha polisi? Aliyefyeka ndiye alihitaji kueleza yuko pale kwa haki gani, mpanda mti hana cha kueleza. Kisheria ni mtego mzuri sana.

Halafu ikaja tarehe 8 Januari 1999. Safari hii walienda mchana kweupe hadi getini, Wangari, wanawake wa Green Belt, wabunge kadhaa wa upinzani, waandishi wa habari, na wageni wachache wakiwemo Wajerumani. Walikuta getini wanaume wengi, sio polisi, ni walinzi wa kukodi, wana mapanga na marungu na mijeledi. Wakaambiwa hapa ni mali ya mtu binafsi. Wangari akasema basi atapanda mti mmoja hapo nje, kama ishara tu, akaanza kuchimba na ndipo wakavamiwa. Alipigwa kichwani akapasuka. Wengine wakaumizwa, wabunge kwa wanahabari. Polisi wa kuzuia hayo hawakuonekana. Alipelekwa Muthaiga polisi kuandikisha ripoti, damu bado inamtiririka, na alipoambiwa atie sahihi akachovya kidole kwenye damu yake mwenyewe akaweka alama ya X kwenye karatasi.

Hiyo X mimi huwa naifikiria sana, kuliko hata kipigo. Kisa chote kilihusu karatasi, gazeti la serikali, barua za kugawiwa, hati, yeye anaingia kwenye rekodi ya serikali kwa damu na sasa hiyo ripoti huwezi kuifaili ukasahau, afisa wa zamu lazima aieleze kwa mkubwa wake. Alijua anachofanya.

Kamera zilikuwepo, picha zikazunguka dunia. Kofi Annan wa Umoja wa Mataifa akalaani, UNEP ingesemaje isione na msitu uko dirishani mwake, na Mwanasheria Mkuu Amos Wako akalazimika kusema kutakuwa na uchunguzi. Mwisho wa mwezi huo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Kenyatta wakatoka barabarani kwa ajili ya Karura, mawe na vitoa machozi siku kadhaa, chuo kikafungwa. Tarehe 16 Agosti 1999 Moi akatangaza kwamba ugawaji wote wa ardhi ya umma umepigwa marufuku.

Watu wengi wanaishia hapo. Sasa soma kilichofuata.

Februari 2001, mwaka mmoja na nusu tu baada ya lile tangazo, Gazeti la Serikali likatoka na notisi za nia ya kumega misitu, ile sheria ileile, siku zilezile 28. Safari hii haikuwa Karura, Karura ilikuwa na kamera. Ilikuwa kama hekta 67,000 kwa mpigo, sehemu kubwa ikiwa ni msitu wa Mau huko Bonde la Ufa, na kwingine hadi Mlima Kenya. Wangari akaanza kukusanya sahihi za kupinga, Machi mwaka huo akakamatwa akiwa kwenye hiyo kazi upande wa Mlima Kenya. Oktoba 2001 uamuzi ukachapishwa. Ukipiga hesabu hiyo ni zaidi ya Karura 60 kwa kalamu moja, na hakuna aliyepigwa rungu getini kwa sababu hakukuwa na geti. Yale yote ya Mau yaliyofuata, watu kugawiwa, watu kufukuzwa, watoto kulala kwenye mahema kandokando ya msitu, mito kupungua, siasa za kila uchaguzi, mengi yanarudi kwa ile karatasi.

Ndio maana nasema ushindi wa Karura 1999 ulikuwa wa kweli ila ulikuwa wa mahali pamoja. Majirani zetu Uganda walipitia kitu kinachofanana. Mwaka 2007 serikali ilitaka kutoa hekta 7,100 za Mabira, msitu wa kale kati ya Kampala na Jinja, kwa kampuni ya sukari ya Lugazi ilime miwa. Aprili mwaka huo Kampala iliwaka moto, watu walikufa akiwemo mtu mwenye asili ya Kihindi aliyepigwa na umati bila kosa lolote, jambo la aibu ambalo waliopenda msitu hawapaswi kulifunika. Mpango ukaachwa. 2011 Museveni akaurudisha mezani upya. Ukapingwa upya. Maandamano yanarudisha mpango kwenye droo, na droo inafunguka.

Kwa Kenya mlango ulianza kufungwa baada ya KANU, chama cha Moi, kuondoka madarakani. Desemba 2002 Wangari akachaguliwa mbunge wa Tetu, Januari 2003 akawa waziri msaidizi wa mazingira, kinaya hicho, aliyezuiwa getini sasa yuko kwenye wizara yenye hilo geti. Sheria mpya ya misitu ikapita 2005, ikaanza kazi 2007, idara ya zamani ya misitu ikavunjwa na KFS, shirika jipya la serikali la misitu, ikazaliwa. Kwa kisa chetu la maana ni kwamba waziri peke yake hawezi tena, lazima bunge lipitishe, lazima kuwe na tathmini ya mazingira na wananchi waulizwe. Katiba ya 2010 ikaweka misitu ya serikali kwenye ardhi ya umma. Sheria ya 2016 kifungu cha 34 ikaongeza kwamba ombi la kubadilisha mpaka lazima KFS waseme kwanza kama halitahatarisha viumbe adimu au vyanzo vya maji, ndipo lifike bungeni. Ni lugha kavu, haina video, hakuna atakayeiweka kwenye tisheti. Ila ukiniuliza ni nini kinamlinda muhugu usiku nitakujibu ni kifungu cha 34.

Na hata hicho kimeshajaribiwa. Mwaka 2021 ukaletwa mswada bungeni wa kuondoa hicho kichujio cha KFS, yaani mtu yeyote mwenye nia apeleke ombi lake moja kwa moja. Kelele zilikuwa nyingi, haukupita. Mistari michache tu kwenye karatasi, na ingefuta kazi ya miaka.

Kitu cha pili kilichoilinda Karura hakihusiani na sheria, ni watu kuanza kuitumia. Wenye umri wanakumbuka, miaka ya tisini na hata baada, Karura ilikuwa mahali pa kutupwa maiti na kuficha magari ya wizi, mama akikuambia usipite Kiambu Road usiku alikuwa na sababu. Msitu ambao watu wanauogopa hauna mtetezi, developa anaweza kusema anakuja kuleta usalama na nusu ya mji ikapiga makofi. Kuanzia 2009 hivi kikaundwa chama cha wananchi cha kusimamia msitu pamoja na KFS, Friends of Karura, mke wa balozi wa Uingereza wa wakati huo, Alice Macaire, akiwa mmoja wa waliosukuma sana, fensi ya umeme ikazungushwa, vijana wa kijiji cha Huruma pale jirani wakaajiriwa kuwa skauti wa kulinda, na 2011 watu wakaanza kuingia kwa tiketi. Wangari alifariki Septemba mwaka huohuo. Leo wikendi ukienda geti la Limuru Road unakuta foleni ya baiskeli, familia na vikapu vya chakula, wakimbiaji, wachumba, kwaya za kanisa. Mbega weupe waliletwa upya kutoka Kipipiri wakazoea. Mikalitusi inakatwa awamu kwa awamu na miti ya asili inarudishwa, kazi ya miaka mingi hiyo.

Kuna wanaosema fensi na tiketi imegeuza msitu wa umma kuwa bustani ya watu wa Runda. Hoja ina uzito kidogo, maskini anayelipa nauli mbili kufika pale halafu tiketi anaweza kuona si pake, na ningependa bei iwe nyepesi zaidi kwa watoto wa shule za mtaani. Ila sikubali hitimisho lake. Kabla ya fensi msitu haukuwa wa maskini, ulikuwa wa majambazi na wakata muhugu, na yule mama wa Huruma anayeokota kuni kavu kwa utaratibu ana uhakika leo kuliko alivyokuwa akiingia akiogopa kukutana na genge. Na pesa za tiketi ndizo zimelipa skauti na kutunza fensi. Ndio maana 2025 KFS walipoagiza malipo yote yaende eCitizen, yaani kapu la serikali, Friends of Karura wakakimbia kortini na korti ikasimamisha agizo. Wengine waliona ni ugomvi wa hela tu. Mimi naona anayeshika pesa ya geti ndiye anaamua kama mwezi ujao kutakuwa na mlinzi kwenye geti.

Sasa twende kwa jaribio ambalo kwangu ni la hatari kuliko lile la 1998, kwa sababu halina mtu mbaya. Oktoba 2024 ilijulikana kwamba wanaosimamia barabara kuu, KeNHA, wanataka kama ekari 51 za Karura kupanua Kiambu Road. Hapa hakuna kampuni ya kifichoni wala nyumba za kifahari, ni barabara ya umma, na jamu ya Kiambu Road tunaijua sote, asubuhi unaweza kumaliza mahubiri mawili ya redio hujafika Muthaiga. Njia iliyotumika ikawa leseni ya matumizi maalumu, ambayo haibadilishi mpaka wa msitu, kwa hiyo kifungu cha 34 na bunge lake vinabaki pembeni. Msitu unabaki 1,041 kwenye ramani na ekari 51 zina lami. Green Belt Movement wakaenda kortini, zikatoka amri za kusimamisha.

Kile ambacho sikuona kikijadiliwa vya kutosha ni upande wa pili wa barabara. Upande ule kuna wenye ploti wenye hati, na ukitaka kupanua kuelekea kwao lazima uwathaminie, uwalipe fidia, upigane na mawakili wao miaka mitatu. Upande wa msitu hakuna wa kulipwa. Kwa mhandisi mwenye bajeti ni hesabu rahisi tu, hana ubaya wowote moyoni, anachora mstari unaopita kwenye ardhi isiyo na bei. Ndivyo ilivyokuwa Karura miaka ya tisini, ndivyo ilivyokuwa Mau 2001.

Kwa hiyo notisi nyingine ikitoka, na itatoka, mimi ningeanza na maswali haya kabla ya kuandika hashtegi: ni kumega mpaka au ni leseni? Kama ni leseni, ni ya miaka mingapi na baada ya hapo lami inang'olewa na nani? Fidia ya upande wa pili ilikadiriwa kuwa kiasi gani, na je huo mchoro mbadala ulichorwa au haukuchorwa kabisa? Hilo la mwisho waulize kwa maandishi, uweke tarehe, na ubaki na kopi.